Kusikiliza mtandaoni: mkakati kwanza au sikio kwanza?

Muuguzi wa Nairobi anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ili akafanye kazi Uingereza anajua kuwa mtihani wa kusikiliza una maswali 40, na sauti haichezwi mara ya pili. Wengi wa aina yake hujifunza mtandaoni, ambako siku hizi husifiwa sana mbinu za kimetakognisheni: kufikiri juu ya usikilizaji wako mwenyewe. Bashiri kitakachosemwa, sikiliza huku ukihakiki ulichobashiri, kisha jiulize ulipotea wapi na kwa nini.

Ushahidi upo. Mwaka 2010 Larry Vandergrift na Marzieh Tafaghodtari walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi 106 wa Kifaransa chuo kikuu. Makundi mawili yalifundishwa na mwalimu mmoja na kusikiliza matini zilezile, ila moja tu ndilo lililopitishwa kwenye mzunguko huo wa kubashiri, kuhakiki na kujitathmini. Hilo ndilo lililofanya vizuri zaidi, na walionufaika hasa ni wasikilizaji dhaifu.

Mwaka mmoja baadaye Willy Renandya na Thomas Farrell walikuja na hoja tofauti. Anayeanza, walisema, hakosi mkakati. Maneno yanampita kasi. Asikilize sana, tena mambo mepesi. Kwa msemaji wa Kiswahili hoja hii ina uzito: sisi tumezoea silabi zinazosikika zote, Kiingereza humeza nusu yake. Utabashiri nini kama hukusikia neno lilipoishia?

Hata hivyo, wale dhaifu wa utafiti wa 2010 hawakuwa wanaanza kabisa, kwa hiyo pande hizi hazipingani kama zinavyoonekana. Linalonitia shaka zaidi ni mtandao wenyewe. Darasani mzunguko ule hutegemea wanafunzi kulinganisha walichosikia. Kwenye kozi ya kujisomea, mwenzako ni fomu, na fomu hujazwa "nimeelewa vizuri" ili somo linalofuata lifunguke.

Halafu kuna kitufe cha kusimamisha sauti. Anayesimamisha kila sentensi hajifunzi kuvumilia kipande kilichompita, na kwenye mtihani atakwama hapohapo. Lakini kitufe hichohicho ndicho kinachomwezesha kurudia kifungu kimoja hadi sikio likikamate, jambo ambalo darasa la watu 50 haliwezi kumpa. Ningekuwa mwalimu wake ningetenganisha vipindi: vingi vya kurudiarudia bila maswali, na vichache vya mkakati, kitufe kikiwa kimefungwa.