Karel De Gucht kati ya Kinshasa na maua ya Naivasha

Karel De Gucht hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Oktoba 2004, miezi michache tu baada ya kuwa waziri wa mambo ya nje wa Ubelgiji, aliizuru Kongo, kisha akasema hadharani kwamba wanasiasa aliowakuta huko hawakumridhisha. Kinshasa ikamwita nyumbani balozi wake. Mwaka 2008 akarudia, safari hii kuhusu ufisadi, na balozi akaitwa tena.

Watetezi wake wana hoja. Ufisadi hakuuzua yeye, na Wakongo wenyewe waliusema kwa ukali zaidi. Ila msemaji alikuwa waziri wa nchi iliyoitawala Kongo mpaka 1960. Serikali ya Rais Joseph Kabila ikapata mwanya wa kuligeuza swali la fedha za umma kuwa suala la heshima ya taifa. Mliberali huyu wa Flanders alimpa silaha ya bure yuleyule aliyemkosoa.

Mwaka 2009 alihamia Kamisheni ya Ulaya, akashika maendeleo, na Februari 2010 biashara. Mkataba wa biashara huria na Korea Kusini ulimpa sifa. Ule wa ACTA, wa kupambana na bidhaa bandia, ulimwaibisha: Julai 2012 wabunge wa Ulaya waliukataa kwa kura 478 dhidi ya 39.

Kwetu lakini, tarehe ya kumpima nayo ni 1 Oktoba 2014. Kenya ilikuwa ikiuza Ulaya bila ushuru kwa utaratibu wa muda, huku Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivutana na Brussels kuhusu mkataba wa EPA, yaani ubia wa kiuchumi. Kamisheni ilitaka msamaha ukome Januari 2014, wabunge wakataka 2016, wakaafikiana iwe Oktoba 2014. Siku ilipofika, waridi la Naivasha likaanza kutozwa ushuru, ilhali la Uganda au Tanzania, zilizo katika kundi la nchi maskini zaidi, lilipita bure. Kabla mwezi haujaisha, mazungumzo ya miaka yakawa yamekamilika kwa makubaliano.

Ni kweli kwamba utaratibu wa muda haukuahidiwa kudumu, na kanuni za Shirika la Biashara Duniani (WTO) zilibana. Hata hivyo, kwangu tarehe ile ni nzito kuliko maneno yote ya Kinshasa: ilimbana mmoja, Kenya, ili awavute wenzake wanne wa Jumuiya. Nao hawakuvutika wote. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini, Tanzania ikakataa, na Desemba 2023 Kenya ikasaini mkataba wake na Ulaya peke yake.