Mgonjwa Mwenye Oksijeni ya Deni

Kihisio chenyewe, cha kupima oksijeni kwenye pumzi, kilikuwa kizuri, hilo lijulikane mapema. Uzi wa kioo wenye unene wa milimita 0.4, ncha imesuguliwa kwa msasa wa mikroni 5, kisha 1, kisha 0.3. Juu ya ncha tumepaka utando wa perspeksi, plastiki angavu, iliyoyeyushwa kwa klorofomu, umechanganywa na rangi iitwayo pofirini ya platinamu. Rangi hiyo ukiimulika kwa taa ya kijani hujibu kwa mwanga mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650. Oksijeni ikiifikia, wekundu hufifia. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, tunayotoa kama 16. Basi pumzi ikitoka wekundu unapanda, ikiingia unashuka.

Tulichokuwa tunakitafuta ni kasi. Mahututi aliyeumia mapafu, vifuko vyake vya hewa huweza kufunguka na kuziba ndani ya pumzi moja, na kipimo kizito hakioni kitu. Utando ukiwa mnene maradufu, oksijeni huchukua muda mara nne kupenya. Ndiyo maana Mkubwa wetu alikataa katakata ncha kupakwa silikoni nyeusi, ile ya kuzuia mwanga wa nje. "Mnataka kumvisha mkimbiaji koti?" Na huo utando mwembamba hapa Unguja ni mtihani: klorofomu ikikauka huupoza, unyevu wa masika unatua juu yake, na ncha inafanya ukungu mweupe. Ngoja jua, ndipo upake.

Jua likatoka. Tukamwita muuza kahawa wa pale chini, kwenye baraza ya Jaws Corner, Mji Mkongwe, apande ghorofani kwa posho. Akakaa kitini, akavaa barakoa, mpira wake wa plastiki angavu ukapita mezani dirishani, na ncha yetu imechomekwa ndani ya mpira. Chumbani pana feni ya kusimama inayogeuza shingo, na pazia jepesi.

Mstari kwenye laptopu ukaanza kucheza: 21, 16, 21, 16. Pumzi kumi kwa dakika, zote sawasawa. Muuguzi mstaafu tuliyemwalika akatikisa kichwa. "Mashallah, huyu ametulia. Wanangu hawapumui hivi hata wakilala." Mkubwa akapiga picha ya kioo cha laptopu. Mimi nikaandika daftarini: safi sana.

Umeme ukakatika.

Laptopu ilikuwa na betri, na kisanduku chetu, chenye taa ya kijani na kipima mwanga, kinanyonya umeme humo humo, kwa hiyo vipimo viliendelea. Mstari ukalala: 21, 21, 21.

"Hewa haibadiliki mpirani," Mkubwa akasema, sauti imepanda. "Havuti wala hatoi!"

"Ami! Ami, unasikia?" Kimya. Bibi muuguzi ameshaanza "Inna lillahi", mwenzangu akalivuta pazia lote ili tumwone mgonjwa. Jua la alasiri likamwagika mezani. Namba ikaporomoka: 9, 2, 0, kisha 4 chini ya sifuri.

"Chini ya sifuri ndiyo nini?" akauliza Bibi. "Maiti hana oksijeni. Huyu anadaiwa?"

Tukageuka. Kiti kitupu. Barakoa imetundikwa kwenye egemeo la kiti. Chini barazani tukasikia vikombe vinagongana.

Jua nalo lina nanomita 650 zake. Kichujio chekundu mbele ya fotodayodi, yaani hicho kipima mwanga, huziruhusu zipite, na kisanduku kilizihesabu kuwa wekundu wa rangi yetu. Kila feni ilipogeukia dirishani, pazia lilipepea, jua likaingia, nasi tukapata pumzi. Lingekuwa kali kidogo tungeshtuka. Lilitua hasa kwenye 16. Na hiyo ya chini ya sifuri ni hesabu tu: mwanga ukizidi ule tuliopima kwenye naitrojeni tupu, pasipo oksijeni, jibu linakuwa hasi.

Dawa haikuwa lile koti. Rangi hii, pasipo oksijeni, huchukua kama mikrosekunde 60 kufifia baada ya taa kuzimwa. Oksijeni ikizidi, muda unafupika. Taa ya kijani ukiiwasha na kuizima mara elfu kadhaa kwa sekunde, ukapima wekundu umechelewa kiasi gani nyuma yake, jua unalitupa nje, maana halifuati mapigo yako. Isipokuwa likiwa kali hata likaijaza fotodayodi. Kwa hiyo mpira tuliufunga utepe mweusi vilevile.

Muuza kahawa akapanda na dele lake, akakuta Bibi anafuta macho.

"Nani kafa?"

Mkubwa akamwonesha mstari, akamweleza. Mzee akatazama sana. "Mimi niko wapi hapa?"

"Hupo, Ami. Hizi zote ni za pazia."

"Basi posho lipeni pazia. Mimi nilipeni kahawa, vikombe vinne."