Msiba wa Amboise

Kikanisa cha Mtakatifu Hubert, ndani ya kasri la Amboise kule Ufaransa, ni kidogo kiasi kwamba kikiingia kikundi kimoja cha watalii mnaanza kupumuliana shingoni. Alikijenga mfalme Charles VIII miaka ya 1490, kwa ule mtindo wa Kigothi cha mwishomwisho ambao jiwe linachongwa hadi linafanana na lesi. Juu ya mlango yumo Hubert, msimamizi wa wawindaji, kampigia goti kulungu mwenye msalaba katikati ya pembe. Hata mnara wameuvisha mapembe. (Mfalme mwenyewe alikufa 1498 baada ya kugonga kichwa kwenye linta ya mlango humohumo kasrini. Majeshi yote yale, kaja kuuawa na linta!)

Basi tuko ndani, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kainamia bamba la kaburi la Leonardo da Vinci anapiga picha. Simu ikaita. Mama, video, kutoka Songea.

"Mbona giza? Uko wapi?"

"Shikamoo mama. Kanisani."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

Nikageuza kamera. "Huyu hapa chini, kaburini."

Mtandao ukakata.

Tulipotoka nje nikakuta kundi la ukoo linawaka moto. Marehemu keshawekewa picha yake ya kipaimara. Mama mdogo kazirai, maturubai yamefungwa, mjomba katuma namba ya kupokelea rambirambi. Marehemu alizisoma zote, akaniuliza kwa nini shemeji katoa elfu mbili tu.

Nikapiga haraka. "Mama, aliyekufa ni Leonardo, mchoraji!"

"Maskini! Lini?"

"Mei 1519."

Kimya.

"Alizikwa kanisa jingine hapahapa kasrini, likabomolewa. Mwaka 1863 wakachimbua mifupa inayodhaniwa ni yake, 1874 wakaileta humu."

"Inayodhaniwa? Yaani hata hamna hakika mnamlilia nani?"

"Hakuna anayelia, mama."

"Huku tunalia! Viti vimekodiwa, mchele uko jikoni, katekista ameshafika." Akashusha pumzi. "Aliacha watoto?"

"Hakuacha."

"Basi jioni tunamsalia rozari huyohuyo. Na mwambie mwenzako amtumie mama yake sauti, maana picha haiamini tena."