Darasa la awali limekabidhiwa, mwalimu yuko wapi?

Tangu mwaka 2017, kampuni yenye leseni ya kuchimba madini Tanzania haiamui peke yake itawafanyia nini majirani zake. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka huo, kinaitaka iandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Ndiyo maana kule Geita au Tarime fedha za mgodi hujadiliwa na madiwani, na sehemu yake huishia kwenye madarasa. Ninachojiuliza kinawahusu wadogo kuliko wote shuleni, wale wa darasa la awali: fedha hizi zikifika kijijini, zinawasaidia kujifunza?

Nianze na umbali, kwa sababu hapo kampuni zina hoja nzito. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Lakini mtoto wa miaka mitano hawezi kutembea kilomita tano asubuhi na kuvuka korongo lililojaa maji ya masika. Wazazi wengi humzuia nyumbani mpaka afikishe miaka saba au minane, na hawakosei. Dawa ya vijiji vingi imekuwa shule shikizi, yaani shule ndogo ya karibu iliyo chini ya shule mama. Wananchi wanafyatua tofali, wanasomba mchanga na kupandisha boma mpaka kwenye lenta, kisha nguvu zinaisha. Boma linakaa misimu miwili mitatu bila mabati huku mvua ikilila. Kampuni ikileta mabati, mbao na saruji wakati huo, imewaokolea watoto hao miaka ambayo hairudi. Anayesema majengo si kitu hajaishi mbali na shule.

Tatizo linaanza pale msaada unapoishia kwenye kile kinachoweza kukabidhiwa kwa siku moja. Mwaka 2016, wakati wa kampeni ya madawati, mabenki na kampuni nyingi zilichangia, na wanafunzi wengi waliacha kukaa sakafuni. Ila dawati lililochongwa kwa ajili ya mtoto wa darasa la tano halimfai wa awali: miguu inaning'inia, na meza inamfika kidevuni. Yeye anahitaji mkeka, meza fupi, kona za kujifunzia na vitu vya kushika na kuhesabu, kama vizibo, mbegu na makopo. Hivyo ni rahisi kupatikana. Kilicho ghali ni mtu wa kukaa naye.

Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Vijijini mwalimu huyohuyo mara nyingi anashika awali na darasa la kwanza pamoja, au darasa limeachiwa binti wa kijiji aliyemaliza kidato cha nne, anayejitolea kwa posho ya michango ya wazazi. Mavuno yakiwa mabaya michango inakatika, na binti anaondoka kutafuta maisha. Jengo linabaki.

Kampuni zinakwepa mishahara, na sehemu ya sababu zao ni ya haki kabisa. Kuajiri walimu ni kazi ya serikali, na mgodi una mwisho. Buzwagi, kule Kahama, ilianza uzalishaji mwaka 2009, na uzalishaji huo ulikwisha mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa mgodi ukifunguliwa hakuwa ameingia sekondari ulipofungwa. Mwalimu anayelipwa na mgodi angeondoka nao.

Lakini kati ya kumlipa mwalimu milele na kumwacha bila chochote kuna njia. Mpango wa shule za awali za Madrasa, ulioanza Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan na baadaye ukafika Zanzibar na Uganda, uliweka nguvu katika kuwafundisha wanawake wa jamii zilezile na kuzijenga kamati za kuendesha shule. Fedha zake hazikutoka mgodini, lakini njia yake inaigika: ujuzi wa mtu haufungwi pamoja na mgodi.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine. Fedha ya kampuni haiendi mbali na shughuli zake. Kijiji kilicho jirani na dhahabu kinapata darasa. Kijiji cha wafugaji huko Kiteto, kisicho na mgodi, mtambo wala shamba kubwa, kinasubiri. Kodi pekee ndiyo inayoweza kufika kote, na ndiyo maana msaada wa darasa usihesabiwe kamwe badala ya kodi au ushuru wa huduma ambao halmashauri inaudai. Kenya, kwa Katiba ya 2010, iliikabidhi elimu ya awali kwa kaunti. Malalamiko ya walimu kuhusu malipo yapo mpaka leo, lakini angalau mzazi wa Kericho anajua mlango wa kugonga.

Kwa upande wangu, fedha hizi zipokelewe, ila mpangilio wake ubadilike. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021 inataja afya, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Darasa tupu linagusa sehemu ndogo tu ya hayo. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kula anasinzia saa nne hata chini ya bati jipya, na uji wa mwaka mzima unastahili kuwa na fungu lake kwenye mpango wa kampuni kama lilivyo la saruji.

Mpango wa mwaka ujao ukiletwa mezani, madiwani waulize kwa kila darasa la awali linalopendekezwa: mwalimu wake ni nani, na yumo kwenye orodha ya mishahara ya serikali? Pasipo na jibu, na watoto tayari wana pa kukaa, fedha ya jengo hilo imsomeshe kwanza binti anayejitolea pale kijijini, apate sifa za kuajiriwa.