Huku hata tetemeko lina mwenyewe

Walikuja watu wawili na mifuko ya plastiki juu ya viatu vyao ili wasichafue sakafu, wakakaa asubuhi nzima wakipima ufa ulio juu ya dirisha la jikoni. Walikuwa na kadi ndogo yenye mistari ya kupimia unene, sehemu za milimita. Wakaniuliza niliuona lini mara ya kwanza. Mlango wa choo, je, unakwama? Nilijibu kwa adabu, maana nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba alikuwa amesimama pale, lakini ndani nilikuwa nacheka. Mimi ni mtoto wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nyumba niliyokulia ina ufa ambao mama alikuwa anaficha funguo ndani yake.

Naishi Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, na huku ardhi inatetemeka. Nikiwaambia ndugu wa Bukavu wanadhani natania. Tetemeko kubwa kuliko yote hapa lilipiga kijiji cha Huizinge tarehe 16 Agosti 2012, likafika ukubwa wa 3,6. La kwetu la Jumapili ile, tarehe 3 Februari 2008, lilikuwa 5,9. Ukipiga hesabu ya nishati, la kwetu lilizidi lao zaidi ya mara 2.000. Wengi wenu mlikuwa kanisani, hamhitaji kuhadithiwa. Ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, waumini waliangukiwa na kanisa. Kwetu hakuja mtu na kadi ya milimita. Baba alinunua simenti kwa pesa ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, iliyokuwa ya karo, akaziba palipozibika, na jirani akaja na mwiko wake bila kuitwa.

Kwa hiyo nilipofika huku na kuona watu wazima wanaandamana kwa sababu ya 3,6, niliwadharau. Nasema ukweli. Nilisema hawa wamedekezwa.

Lakini tetemeko lao lina jambo moja ambalo la kwetu halina: lina mwenyewe. Mwaka 1959 walipata gesi Slochteren, moja ya hazina kubwa za gesi duniani, wakaanza kuitoa mwaka 1963. Gesi hiyo ilikuwa imejibana ndani ya mawe ya mchanga, kilomita 3 hivi chini ya mashamba ya viazi. Ukiitoa, mgandamizo unapungua, mawe yanashikana na kubonyea, na pale penye mipasuko ya zamani upande mmoja unateleza kwa ghafla. Ndiyo hilo tetemeko. Na kwa kuwa linaanzia karibu hivyo, 3,6 yao inagonga nyumba kuliko mtu anavyotarajia, tena nyumba za matofali zilizojengwa na watu ambao hawakuwahi kufikiria kwamba ardhi inaweza kusogea.

Sasa msidhani mwenyewe huyo alijitokeza na kusema, ni mimi. Mwaka 1986 ardhi ilitikisika Assen, na mwanajiografia mmoja, Meent van der Sluis, akasema hii ni gesi. Walimcheka. Ilibidi kungojea mpaka 1993 ndipo ripoti rasmi ikakubali kwamba uhusiano upo. Baada ya Huizinge, wakaguzi wa migodi wa serikali walishauri Januari 2013 kwamba uchimbaji upunguzwe haraka. Mwaka huohuo wakatoa karibu mita za ujazo bilioni 54, nyingi kuliko miaka mingi iliyotangulia! Niliposoma hapo niliweka simu chini. Nikasema, kumbe tunafahamiana.

Najua mnachoandika tayari. «Weye ulisha kuwa muzungu.» «Toka apande ndege, kila kitu cha kwetu ni kibaya.» Kuna dada mmoja, tulisoma pamoja, aliniambia kwa sauti ya huruma kabisa kwamba nimesahau nilikotoka. Dada yangu, sijasahau. Hao wa Groningen ningewaleta Bukavu wiki moja tu, wapande ngazi za Kadutu wakati wa mvua na ndoo ya maji kichwani, halafu tuone nani anameza dawa ya usingizi. Watu wetu wamevumilia ya ardhi, ya ziwa na ya bunduki, na ya mwezi wa pili 2025, mji ulipotekwa na M23, siyagusi hapa, na bado asubuhi mama anaweka meza yake ya ndizi barabarani. Hilo sikuliona popote Ulaya. Najivunia.

Ila uvumilivu huohuo ndio unaonikasirisha. Kwetu kila kinachovunjika tunakipeleka kwa Mungu, hata kile ambacho mwenyewe anajulikana kwa jina, kwa gari na kwa namba ya simu. Tetemeko la 2008, sawa, ni la Bonde la Ufa, halina wa kushtakiwa. Na ile mitetemo ya Goma baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, hakuna wa kuipelekea fatura. Nakubali. Lakini Funu, pale pale Bukavu, je? Kilima kile kinateleza polepole na nyumba zake juu, na wataalamu waliokichunguza wamesema ujenzi wa mji wenyewe umekiharakisha. Nani alipima viwanja pale, nani aligonga mhuri? Na Kamituga, Septemba 2020, wachimbaji wa dhahabu waliofunikwa shimoni baada ya mvua: tulilia, tukazika, tukasema siku yao ilifika. Mtu akisema baruti za mgodi zimepasua ukuta wake, anaambiwa alete ushahidi. Ushahidi gani? Ukuta ndio huo.

Huku sheria imegeuza mzigo huo. Tangu 2017, nyumba iliyo juu ya lile shamba la gesi ikipasuka kwa namna inayoweza kuletwa na tetemeko, inachukuliwa kwamba ni gesi, na anayekataa ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Nimeisoma mara nyingi na bado inanishangaza. Hebu fikirieni mzee wa Luhwindja, kwetu kwenye dhahabu, anamwambia mwenye mgodi: haya, thibitisha kwamba si wewe.

Msinielewe vibaya, hawa si malaika. Serikali yao ilipata kama bilioni 360 za euro kutokana na gesi hiyo, Shell na ExxonMobil wakagawana kama bilioni 66, na tume ya bunge ikasema Februari 2023 kwamba maslahi ya watu wa Groningen yalipuuzwa kwa miaka na miaka. Jirani yangu, bibi mzee, ukuta wa nyumba yake unashikiliwa na magogo. Ana mafaili ya barua yaliyojaa kabati, na ananiambia jambo linalomuumiza kuliko ukuta ni kuhojiwa kama mwizi. Siku hizi namsikiliza vizuri, maana sauti yake ni sauti ya shangazi zangu mbele ya ofisi ya ardhi. Tofauti ni kwamba bibi huyu hakuacha. Yeye na wenzake walisumbua, wakasumbua, mpaka tarehe 1 Oktoba 2023 uchimbaji ukasimamishwa, na Aprili 2024 sheria ikafunga kabisa, wakati gesi bado imo chini kwa wingi na Ulaya nzima inalia bei.

Kuna mwingine atasema, hayo ni ya wazungu, Afrika hatuna matetemeko ya kutengenezwa. Tunayo. Stilfontein, Afrika Kusini, Machi 2005, tetemeko la 5,3 katika migodi ya dhahabu, wachimbaji 2 walikufa na mji ukaharibika. Na Korea Kusini, Pohang, Novemba 2017, 5,4 au 5,5 kutegemea nani alipima: walikuwa wanasukuma maji chini kutafuta joto la ardhi, na tume ya serikali yenyewe ikakiri 2019.

Kwa nini nawasumbua na haya? Kwa sababu ya ziwa letu, Kivu. Wanyarwanda wanatoa umeme kwenye gesi ya Kivu tangu 2016, megawati 26 pale Karongi, na serikali yetu ilitangaza mnada wa vitalu 3 vya gesi ya ziwa hilohilo Julai 2022. Mwenye elimu atanisahihisha haraka: gesi ya Kivu imeyeyuka ndani ya maji, haimo kwenye mawe, kuitoa hakubonyezi ardhi kama Groningen, na ikitolewa vizuri inapunguza hatari ya gesi hiyo kufumuka ghafla kutoka chini. Ni kweli, na sijasema ziwa litatetemeka. Mimi nataka umeme huo kuliko ninyi, mama yangu bado anapika kwa makaa. Ninachouliza ni cha kikaratasi kabisa: siku bomba likiingia, kitu kikiharibika Nguba au Kalehe, kando ya ziwa, mkataba utakuwa umeandika mzigo wa kuthibitisha ni wa nani? Maana hilo huandikwa kabla. Baada ya hapo ni maombi na mikesha.

Nimemwambia mtoto wa kaka yangu apige picha kila ukuta wa nyumba ya familia, na tarehe ionekane, aziweke mahali pawili. Amenijibu kwamba baba mdogo nimezeeka vibaya, na kwamba nimtumie kwanza inite za simu. Nimemtumia. Picha bado.