Hivi soko la dunia hushuka tu?

Jamani, hili la "soko la dunia" limenichosha. Ukipeleka alizeti kwa mnunuzi hapa Dodoma, gunia hajalifungua, keshachomoa simu mfukoni: "Bei ya dunia imeshuka, mzee. Mawese yamejaa huko Malaysia." Sawa, sibishi. Indonesia na Malaysia ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya mawese duniani, na yakishushwa bandarini Dar es Salaam kwa bei ya kutupa, hata mwenye kinu cha kukamua alizeti Singida hana ujanja.

Ila Aprili 2022, Indonesia ilipozuia mawese yake kuuzwa nje, mbona ile simu haikuwa na mtandao? Bei ikipanda unaambiwa dizeli ghali, barabara mbovu, dola imeadimika. Ikishuka, inafika Kongwa kabla hakujakucha.

Halafu lumbesa! Gunia limeshindiliwa, limewekewa kilemba, limeshonwa kamba kama jeraha, na bado linahesabiwa moja. Kule Kuala Lumpur mkataba mmoja wa mawese sokoni ni tani 25. Nani anamwambia mwenzake "ongeza kidogo pale juu"?

Na mashudu je, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua? Mnunuzi akishakamua anauza mafuta, kisha mashudu anawauzia wafugaji kwa bei nyingine kabisa, ambayo sijawahi kusikia imeshuka kwa ajili ya Malaysia. Hiyo nayo mtutajie, kabla hamjatupangia bei ya gunia.