Korona katika makao ya wazee: si mtaa peke yake ulioua

Tangu mwaka 2020, wamiliki wa makao ya wazee Marekani na Kanada wamekuwa na jibu moja kila wanapoulizwa kwa nini wazee wengi kiasi kile walifia mikononi mwao: tulikuwa mahali pabaya. Virusi vilijaa mjini, vikaingia. Familia za marehemu hazitaki hata kulisikia jibu hilo, na nazielewa. Lakini lina ukweli mwingi ndani yake, na ndiyo sababu lastahili kupimwa kwa makini badala ya kutupwa.

Makao ya kwanza Marekani kukumbwa na mlipuko mkubwa yalikuwa Kirkland, karibu na Seattle, Februari 2020. Yalikuwa na nyota tano, alama ya juu kabisa katika mfumo wa serikali wa kupima ubora. Kufikia 18 Machi, wagonjwa 167 walikuwa wamehusishwa nayo: wakazi 101, wafanyakazi 50 na wageni 16. Mei mwaka huo Tamara Konetzka, mchumi wa afya wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliiambia kamati ya Seneti inayoshughulikia masuala ya wazee kwamba nyota hazikuwa na uhusiano wa maana na wapi korona ilipiga. Uhusiano mkubwa ulionekana kwenye rangi ya wakazi: makao yenye Wazungu wachache zaidi yalikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kupata wagonjwa au vifo kuliko yale yenye Wazungu wengi zaidi. Mengi ya hayo yako kwenye mitaa ambayo korona iliichapa mapema. Kwa hiyo mwenye makao akisema eneo lilimponza, takwimu zinamuunga mkono.

Ila tujiulize mtaa uliingiaje ndani. Katikati ya Machi 2020 wageni walipigwa marufuku, na wazee wenyewe hawakuwa wanatoka. Waliobaki kupita mlangoni kila siku ni wahudumu. Wachumi Keith Chen, Judith Chevalier na Elisa Long walifuatilia data za simu za mkononi baada ya marufuku hiyo, wakakuta kwamba kwa wastani kila makao yaliunganishwa na mengine 15 kupitia watu wanaokwenda huku na kule. Hawakuwa watembezi. Ni watu wanaoosha wazee asubuhi hapa na kuwalisha jioni pale, kwa sababu mshahara wa sehemu moja haulipi kodi ya nyumba. Wengi wao ni wahamiaji, wakiwemo Wakenya, na msomaji mwenye dada au shangazi Massachusetts au Minnesota anajua vizuri zamu mbili kwa siku maana yake nini. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa eneo, basi, ni malipo ya mhudumu.

Kanada ilituonyesha jambo hilo wazi. Mwisho wa Machi 2020 jimbo la British Columbia liliagiza kila mhudumu abaki kwenye makao mamoja, na serikali ikalipia tofauti za mishahara ili asiyekuwa na kosa asipoteze riziki. Ontario ilitekeleza amri yake karibu mwezi mmoja baadaye. Majimbo hayo yalitofautiana pia kabla ya janga: British Columbia kiasi cha asilimia 24 ya wakazi walikuwa wakilala vyumba vya pamoja, Ontario asilimia 63. Wimbi la kwanza liliiumiza Ontario zaidi sana.

Utafiti ninaouona wa haki kuliko yote kwa pande zote mbili ulitoka Ontario hukohuko, ukiangalia makao 623 kati ya mwisho wa Machi na Mei 2020. Makao 190 yalipata mlipuko, na wakazi 1,452 wakafa. Watafiti waligawanya swali mara mbili. Kwanza, nini kilifanya virusi viingie? Wingi wa maambukizi katika eneo linalozunguka, ukubwa wa makao, na uzee wa jengo. Umiliki wa kibiashara haukuonekana kuongeza uwezekano huo. Pili, vikishaingia, wangapi waliugua na kufa? Hapo makao ya kibiashara yalikuwa na milipuko mikubwa karibu maradufu na vifo vingi zaidi. Sababu kubwa zilikuwa majengo ya kiwango cha ujenzi cha mwaka 1972 au cha kabla yake, na umiliki wa makampuni yenye msururu wa makao.

Chumba cha jengo la aina hiyo kilikuwa na vitanda hadi vinne, pazia la kitambaa katikati, na choo kimoja. Mzee wa kitanda cha kwanza akikohoa, wa kitanda cha nne anavuta hewa ileile usiku kucha. Mkimbaini mgonjwa, mnampeleka wapi? Mwenye jengo alikuwa na miaka mingi ya kuliboresha.

Hoja ya eneo ina udhaifu mwingine unaosahaulika: eneo baya halikukaa palepale. Vuli ya 2020 virusi vilihamia mashambani, na majimbo ya Dakota yakawa kileleni mwa takwimu za Marekani. Oktoba mwaka huo, katika kaunti ya Norton, Kansas, makao mamoja yaliona wakazi wake wote 62 wakiambukizwa. Hapo huwezi kusingizia msongamano wa jiji. Ukiwa mbali unapata muda wa kujiandaa, na muda huo una faida pale tu penye watu wa kuutumia. Huko Connecticut, miongoni mwa makao yaliyokuwa tayari na mgonjwa, kila dakika 20 za ziada za muuguzi aliyesajiliwa kwa mkazi kwa siku ziliendana na maambukizi pungufu kwa asilimia 22.

Kwa hiyo nakubali kwamba meneja wa makao ya katikati ya jiji asihukumiwe kwa sababu tu virusi vilimfikia. Huo ungekuwa uonevu. Ninachokataa ni kulivuta jibu hilo lifunike na vifo vilivyofuata ndani. Novemba 2020 Ontario ilipitisha sheria inayomtaka anayeshtaki kwa madhara ya korona athibitishe uzembe uliokithiri. Uzembe wa kawaida hautoshi tena. Sheria hiyo haitenganishi kuingia na kusambaa. Binti aliyempoteza mama yake katika chumba cha vitanda vinne anakabili kizingiti kilekile na yule ambaye mama yake aliambukizwa katika chumba cha peke yake, ingawa wa kwanza ana swali la haki kabisa kwa mwenye jengo.